Mungu na maovu: jibu la hiari au la malezi?

Asiyeamini akikuuliza pale Mkunazini, Zanzibar, kwenye kanisa kuu lililojengwa penye soko la watumwa lililofungwa 1873, "Mungu wenu alikuwa wapi?", Wakristo wana majibu mawili makuu.

La hiari, alilolinoa mwanafalsafa Alvin Plantinga: wema wa kulazimishwa si wema, na mwenye hiari anaweza pia kushika mjeledi. Kwa Mkunazini linatosha. Kwa tetemeko au saratani ya mtoto linapwaya, nani alichagua?

La malezi, la mwanafalsafa John Hick: dunia ngumu hukomaza roho. Maradhi linayagusa, ila lina gharama: kichanga aliyekufa kakomaa lini? Ndiyo maana Hick aliyaendeleza malezi hadi baada ya kifo.

Mkibishana barazani, anza na hiari. Kwa mfiwa, yaache yote mawili, ukae naye.