Multimita ya shilingi 35,000 na Volkswagen yetu ya 1971: uzoefu wangu

Multimita hii, yaani kifaa cha kupimia umeme, nimekaa nayo miezi minne sasa, hapa Arua, Uganda. Niliinunua kwa ajili ya kazi moja tu. Volkswagen Beetle ya marehemu baba ilikuwa nzito kuwaka. Asubuhi ilijikongoja mpaka ikawaka. Lakini ikishakwenda sokoni na kurudi, injini ikiwa ya moto, unageuza ufunguo unasikia "nguu... nguu..." halafu kimya. Baba aliishi na ugonjwa huo miaka mingi. Aliegesha kwenye mteremko, akaachia breki, akatia gia ya pili. Pasipo na mteremko, sisi watoto ndio tuliokuwa mteremko wake.

Kabla ya mita nilishamwaga pesa. Fundi wa kwanza alisikiliza mara moja, akasema betri imekufa. Nikanunua mpya kwa 320,000. Siku chache ikawa afadhali, kisha yaleyale. Wa pili akagusa teminali ya stata (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) kwa balbu ya majaribio, ikawaka vizuri, akasema umeme unafika, kwa hiyo stata yenyewe ndiyo mbovu. Ikashushwa, ikatiwa kaboni mpya, 150,000. Yaleyale.

Hapo ndipo nilipokasirika nikaanza kusoma. Ile balbu ilitudanganya, na inadanganya wengi. Balbu ndogo inakula chini ya ampea 1. Stata ya gari kama hili inakula zaidi ya 100 inapozungusha injini. Chukua kiungo kilichooza chenye ukinzani wa omu 0.01 tu: ampea 150 zikipita hapo, volti 1.5 zinapotelea njiani. Balbu haiwezi kukuambia hilo. Hata mita haiwezi, kama unapima gari likiwa limetulia. Lazima upime stata ikiwa kazini.

Mita yenyewe ni ile ya kawaida ya manjano, yenye kitufe cha kuzungusha katikati na waya mbili, mwekundu na mweusi. Nikaiweka kwenye volti 20 za DC. Nikatia gari nyutro, nikavuta breki ya mkono, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikachomoa waya wa teminali 15 kwenye koili ili injini isiwake. Kijana wa dada yangu akakaa kwenye usukani, mimi nikalala chini upande wa kulia, stata iliko.

"Mjomba, nipige?"

"Piga, hesabu mpaka tatu, uachie."

Betri ikiwa imetulia: 12.6, haina neno. Stata ikizunguka, kwenye vichwa vya betri venyewe: 10.8. Bado nzuri, ingeshuka chini ya 9.6 ningemwamini fundi wa kwanza. Kisha nikapima kwenye stata, ncha moja kwenye teminali 30 (inapofika kebo nene ya chanya ya betri), nyingine kwenye mwili wa stata: 8.7. Volti 2.1 hazikufika! Nilimwomba kijana arudie mara tatu, maana sikuyaamini macho yangu.

Kujua zimepotelea wapi ni rahisi kuliko nilivyodhani. Unaweka ncha mbili kwenye ncha mbili za njia ileile, mtu anapiga stata, na namba unayoiona ndiyo hasara ya njia hiyo. Kutoka chanya ya betri hadi teminali 30: 0.3, inavumilika. Kutoka hasi ya betri hadi mwili wa stata: 1.8. Huyo ndiye mwizi. Nikaigawa njia: hasi ya betri hadi sakafu ya gari 0.1, sakafu hadi gia boksi 1.7.

Kwenye Beetle, injini na gia boksi vimekaa juu ya mipira, kwa hiyo chuma chake hakigusani sawasawa na bodi. Kinachoviunganisha ni mkanda mmoja wa nyaya zilizosukwa, mbele ya gia boksi. Niliufungua kwa spana ya 13. Upande mmoja ulikuwa umegeuka kijani, nyuzi karibu nusu zimekatika, na zilizobaki zikavunjika kidoleni mwangu kama majani makavu. Upande wa pili ulikuwa umefungwa juu ya rangi: aliyepiga gari rangi aliipaka na sehemu ya arthi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari), akakaza boliti juu yake. Na mkanda huo ukifa, umeme unatafuta njia kwingine, hata kwenye kebo ya klachi, ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Mkanda mpya ulikuja na basi kutoka Kampala, shilingi 15,000. Nikapiga msasa pande zote mbili hadi chuma kiking'ae, nikakaza, nikapaka grisi juu. Tukapima tena: 0.2. Stata ikazunguka hadi kijana akacheka kwa sauti.

Asiye na mita anaweza kujaribu hivi: waya wa kuazimia umeme, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Gari likipiga stata kwa nguvu, tatizo ni arthi.

Kuna kitu kimoja mita haikunionyesha. Baada ya mkanda, stata ilikuwa na kasi lakini ilikoroma. Kwenye gari hili mhimili wa stata unaegemea bushi, yaani pete ndogo ya shaba iliyo ndani ya gia boksi, na anayeshusha stata peke yake haioni. Ikilika, mhimili unakaa upande, unaburuza. Niliingiza kidole nikasikia tundu limekuwa la mviringo wa yai. Bushi mpya niliilaza kwenye oili usiku kucha kabla ya kuigonga ndani, na koromo likaisha.

Kasoro za mita ninazo. Waya zake ni fupi mno: betri iko chini ya kiti cha nyuma na stata iko nje chini, ikabidi niunge waya wa ziada. Kioo hakina taa, na chini ya gari unakisia. Namba zinabadilika polepole, hivyo stata lazima izunguke sekunde mbili tatu ndipo uziamini. Haijizimi yenyewe, nimeshaua betri moja ya volti 9 kwa kusahau, na ikikaribia kuisha mita inatoa namba za juu kuliko ukweli. Na usithubutu kupima ampea za stata kwenye tundu lake la ampea 10, utaiunguza.

Naipa nyota nne kati ya tano. Jumamosi iliyopita nimepima tena mkanda ule: bado 0.2, injini ikiwa ya moto.