STEP Bible: nimeitumia kwa neno moja tu, "Imekwisha" ya Yohana 19:30

Nina kama mwezi na STEP Bible, ile programu ya bure ya kujifunzia Biblia ya watu wa Tyndale House, kituo cha utafiti wa Biblia kule Cambridge, na nimeipenda sana yani. Ukiishusha kwenye kompyuta unasoma hata kama bando limeisha.

App niliyokuwa nayo mwanzo ukibonyeza neno inakupa namba ya Strong basi (namba ambayo kila neno la lugha ya asili ya Biblia limepewa), 5055, teleo, kumaliza, na hapo ndo wengi tunakwama maana namba inakupa kitenzi kikiwa kitupu, haikwambii kimenyambulishwaje kwenye huo mstari. Huku STEP nikagusa tetelestai, ndo Kigiriki cha hiyo "Imekwisha", nikaletewa na sarufi yake: hali timilifu, kutendwa, nafsi ya tatu umoja. Nikafungua Biblia yangu ya karatasi ya Union Version, "Imekwisha". Jamani! Kazi ya "me" yetu ndo inayofanywa na ile "te" ya mbele, te-telestai, jambo limefanyika na hali yake bado ipo, kama ukisema mgeni amefika tunajua yupo sebuleni sasa hivi. Linganisha na Mathayo 13:53, kitenzi hicho hicho ila ni etelesen, Yesu alimaliza mifano akaenda zake, hakuna ile "te" ya kuongezwa mbele.

Halafu nenda 2 Timotheo 4:7, teteleka, "mwendo nimeumaliza", vitenzi vitatu vya huo mstari vyote ni hali timilifu na Union imeweka "me" zote tatu, nimevipiga, nimeumaliza, nimeilinda. Hapo nilisimama kusoma nikatulia kwanza. Kitu ambacho "Imekwisha" haionyeshi ni ile kutendwa, kama ungetaka kuibana sana ungesema imetimizwa, kwamba kuna aliyeitimiza.

Na yale mahubiri tunayosikia kwamba maana ya tetelestai ni "deni limelipwa"? STEP inakupa sehemu zote 28 za hicho kitenzi kwenye Agano Jipya, na kweli Warumi 13:6 kinatumika kwa kulipa kodi, kwa hiyo kulipa kumo. Lakini tetelestai yenyewe iko pia mstari wa 28 hapo hapo Yohana 19, "yote yamekwisha kumalizika", na pale habari ni ya kazi kukamilika, mimi nabaki na hiyo.

Maelezo ya sarufi nimeyasoma kwa Kiingereza, kama kinakupa shida kaa na mtu siku mbili tatu za mwanzo akuelekeze. Nyota tano. Sasa hivi niko kwenye gegraptai, "imeandikwa", nayo ina "me" yake.