Uzoefu wangu na Windows 11 Home na Pro katika ofisi ndogo ya Kisumu

Tangu nilipostaafu ualimu nimekuwa nikiandika hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa Kisumu, wengi wao wakiwa wauzaji wa soko la Kibuye na akina mama wanaonunua samaki Dunga na kuwasafirisha hadi Kakamega. Ofisi yangu ina kompyuta tatu na watu wawili, yaani mimi na mpwa wangu, ambaye siku nyingi hufanyia kazi nyumbani kwake Kakamega. Ninaandika tathmini hii kwa sababu nilitumia muda wa takriban mwaka mmoja na pesa ambazo sikuzipangia kabla ya kuelewa jambo ambalo lingenichukua dakika mbili kulithibitisha pale dukani, nalo ni kwamba jina la toleo la Windows linaloonyeshwa na skrini (Home, toleo la kawaida, au Pro, lenye uwezo zaidi wa kiofisi) na leseni unayomiliki ni vitu viwili tofauti.

Mwezi Machi mwaka wa 2025 nilinunua kipakatalishi cha mitumba, Lenovo ThinkPad E480 chenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya SSD ya gigabaiti 256, kwa shilingi 28,000. Kuhusu mashine yenyewe sina lalamiko lolote hadi leo. Nilipouliza kuhusu mfumo endeshi, kijana wa dukani aliniambia kwa uhakika kabisa, "Mwalimu, hiyo ni Windows 11 Pro, na ni orijino." Nilifungua mipangilio, nikaona neno Pro na maelezo kwamba mfumo umeamilishwa, yaani leseni yake imethibitishwa, nikalipa kwa M-Pesa na kuondoka nikiwa nimeridhika.

Mapema mwezi Septemba, maandishi hafifu yalijitokeza kwenye pembe ya chini ya skrini, upande wa kulia, yakinitaka niamilishe Windows. Kazi haikusimama, kwa kuwa mfumo ambao haujaamilishwa huendelea kufungua faili na kuchapisha kama kawaida, ila hukunyima ruhusa ya kubadilisha picha ya skrini na mapambo mengine, kisha hukukumbusha deni lako kila mara. Nilirudi dukani. Kijana yule hakushangaa hata kidogo, akaniambia nimwachie mashine kwa saa moja "aifufue," na akaongeza kwamba nikirudi kila baada ya miezi sita atanifanyia bila malipo. Ahadi hiyo ya miezi sita ndiyo iliyonifanya niichukue mashine yangu na kuondoka nayo, kwa kuwa sikuwahi kusikia kitu cha halali kinachofufuliwa kila nusu mwaka.

Mpwa wangu alinielekeza kwa simu nifungue dirisha jeusi la amri na kuandika slmgr /dli. Kidirisha kidogo kilifunguka, na katika mstari wa maelezo kulikuwa na maneno VOLUME_KMSCLIENT. Maneno hayo yanaeleza mengi. Microsoft huuza Windows kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni leseni ya OEM, ambayo mtengenezaji wa kompyuta huinunua na kuifunga kwenye mashine ile ile aliyoiunda, ikabaki na ubao mama wake hadi mwisho wa maisha ya mashine. Ya pili ni leseni ya rejareja, ambayo mnunuzi anaweza kuihamishia kompyuta nyingine mradi aiondoe kwenye ile ya kwanza. Ya tatu ni leseni ya jumla, inayouzwa kwa makampuni, vyuo na taasisi, na mojawapo ya njia za kuiamilisha ni seva ya KMS, yaani kompyuta inayothibitisha leseni za kompyuta nyingine, iliyo ndani ya mtandao wa taasisi yenyewe. Kompyuta iliyoamilishwa kwa njia hiyo hupewa siku 180, au dakika 259,200 kama kidirisha kinavyozihesabu, na hujaribu kuwasiliana na seva kila baada ya siku saba ili muda huo uanze upya. Ikikosa kuipata seva kwa siku zote 180, huonekana tena kama haijaamilishwa. Niliponunua mashine yangu mwezi Machi, inaelekea ilikuwa imeunganishwa kwa muda na seva ya mtu fulani kwenye intaneti, na seva ile ikatoweka.

Kuna masharti mengine yaliyonionyesha kwamba ile Pro haikuwahi kuwa yangu. Seva ya KMS haianzi kuamilisha Windows za kawaida hadi ihesabu kompyuta zisizopungua 25, ilhali ofisi yangu ina tatu, mojawapo ikiwa na kibodi isiyo na herufi Q. Isitoshe, leseni ya jumla ya Windows ni ya kupandisha daraja tu: taasisi inayoinunua inatakiwa iwe tayari na leseni halali ya msingi kwenye kila mashine. Hata hiyo taasisi isiyojulikana, kama ilikuwapo, haikuwa na haki ya kunigawia.

Swali likawa, je, mashine hii ilizaliwa na leseni gani? Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wakubwa huhifadhi ufunguo wa bidhaa ndani ya chipu ya ubao mama badala ya kuuchapisha kwenye kibandiko cha chini, na kisakinishi cha Windows huusoma chenyewe. Nilinunua bando la usiku, nikapakua faili ya usakinishaji kutoka tovuti ya Microsoft, ambayo ni zaidi ya gigabaiti 5, nikaiweka kwenye flashi ya gigabaiti 8, nikahifadhi kazi zangu kwenye diski ya nje, kisha nikafuta kila kitu na kusakinisha upya. Kisakinishi hakikuniuliza ninataka toleo gani. Kilisakinisha Home, na mara tu nilipounganisha intaneti ya simu, mfumo ukajiamilisha. Niliandika amri ile ile, na safari hii mstari ulisema OEM_DM. Leseni halali ilikuwa imelala ndani ya mashine tangu siku niliyoinunua, na mtu fulani alikuwa ameifunika kwa toleo lenye jina la kuvutia zaidi ili aongeze bei.

Sasa niseme jinsi Home ilivyonitumikia, kwa sababu wengi huidharau kwa jina lake. Kwanza, jina hilo si katazo. Masharti ya Windows Home hayamzuii mtu kuitumia katika biashara, tofauti na Office Home and Student 2021, ambayo masharti yake yaliifungia matumizi yasiyo ya kibiashara. Ni jambo la kuudhi kwamba kampuni moja hutumia neno moja kwa maana mbili, lakini ndivyo ilivyo, na kwa sababu hiyo hati zetu tunaziandika kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia hati, isipokuwa kwenye kompyuta moja yenye Office ya Home and Business, tunayoitumia kwa faili za wateja zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili.

Pili, Home hufanya kazi zote za kila siku sawasawa na Pro. Kasi ni ile ile, kingavirusi ni ile ile, na masasisho ya usalama ni yale yale. Inakubali kumbukumbu ya hadi gigabaiti 128, na mashine yangu ina 8, kwa hiyo zile terabaiti 2 zinazotajwa kwenye Pro hazinihusu mimi wala watu wa mtaani kwetu. Nilikosa kidogo uwezo wa Pro wa kuahirisha masasisho makubwa kwa hadi siku 365, kwa sababu hapa tunanunua bando na sasisho kubwa linaweza kulimaliza kabla ya saa sita mchana. Hata hivyo, Home huruhusu kusimamisha masasisho kwa hadi wiki tano, na ukiiarifu kwamba mtandao wako hulipiwa kwa kipimo, hupunguza upakuaji wake.

Kuhusu usalama wa data nilikuwa na wasiwasi zaidi, kwa kuwa ninahifadhi nambari za vitambulisho na za kodi za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayeshikilia taarifa kama hizo azilinde. Fundi mmoja aliniambia kwamba Home haisimbi diski, yaani haifungi data kwa msimbo ili asiye na ufunguo asiisome. Hilo ni kweli nusu. BitLocker kamili, zana ya Microsoft ya kusimba diski, yenye mipangilio yake yote, iko kwenye Pro, lakini Home ina usimbaji wa kifaa, ambao hutumia teknolojia hiyo hiyo kwenye mashine zinazotimiza masharti na huwashwa unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Nilijua kwamba umewashwa asubuhi moja baada ya kusasisha BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta), mashine ilipokataa kufunguka na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Nilitokwa na jasho, kwani hesabu za wateja kumi na mmoja zilikuwa humo na sikuwa nimeandika ufunguo wowote mahali popote. Ulikuwa kwenye akaunti yangu ya Microsoft. Niliusoma kutoka simuni na kuuandika tarakimu sita sita, miwani ikiwa puani, nikakosea mara mbili, kisha mashine ikafunguka. Siku hiyo hiyo niliuchapisha na kuufungia kabatini pamoja na hati ya shamba. Atakayetumia Home kwa akaunti ya Microsoft aliyofunguliwa na mtu wa dukani, ambayo nenosiri lake halijui, afikirie asubuhi kama hiyo.

Mwishowe nilinunua Pro kwa kompyuta moja tu, na sababu ilikuwa moja tu. Programu yetu ya hesabu iko kwenye mashine ya chumba cha nyuma, na mpwa wangu alihitaji kuifikia akiwa Kakamega. Home inaweza kutumia Remote Desktop, zana ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali nayo, kuiendea kompyuta nyingine, lakini yenyewe haikubali kuendewa. Zipo programu nyingine za kazi hiyo, na nilijaribu mbili, lakini masharti yao yalisema ni za bure kwa matumizi binafsi pekee, na baada ya yote yaliyonipata sikutaka kuanza tena kujidanganya kwamba ofisi yangu ni sebule. Nilifungua mipangilio, nikaenda kwenye ukurasa wa uamilishaji, nikanunua upandishaji wa kutoka Home hadi Pro kwenye duka la Microsoft. Bei inayotangazwa Marekani ni dola 99, na hapa kwetu fedha hizo ni karibu nusu ya bei ya kipakatalishi chenyewe. Faili zangu hazikuguswa, na baada ya mashine kujizima na kuwaka mara moja, kazi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimeonyeshwa mtandaoni funguo za Pro za shilingi mia chache. Nyingi za namna hiyo huwa zimechomolewa kutoka leseni za jumla au leseni wanazopewa waundaji wa programu, na zinaweza kufungwa wakati wowote. Hapa nchini, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za fasihi, kwa hiyo kutumia nakala bila leseni si kosa dhidi ya kampuni ya mbali tu.

Kompyuta ya tatu, ile isiyo na Q, ina prosesa ya kizazi cha nne, na Windows 11 haiikubali rasmi. Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, basi nikaiwekea Ubuntu 24.04, mfumo endeshi wa bure, ambayo itahudumiwa hadi mwaka wa 2029, na leseni zake zinaniruhusu kuinakili kwa jirani bila kumnong'oneza mtu. Inatumika kuchapisha risiti na kusoma barua pepe, na haijanisumbua.

Kwa Pro nina lalamiko moja ambalo muuzaji yeyote angepaswa kulitaja. Remote Desktop yake humruhusu mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mpwa wangu akiingia kutoka Kakamega, skrini iliyo mbele yangu hujifunga, na nikiingia mimi, yeye hutolewa. Fundi mmoja alijitolea kuirekebisha ili tuingie wote wawili kwa mpigo. Nilimkatalia, kwa sababu masharti ya leseni hayaruhusu jambo hilo, na matumizi ya namna hiyo yanahitaji Windows Server pamoja na leseni zake za watumiaji, ambazo uwezo wa ofisi yangu haujazifikia. Wiki za kwanza simu yangu iliita kila saa, "Mjomba, umenitoa tena." Sasa yeye huingia kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, nami ninashika zamu baada ya chakula cha mchana.