Uzoefu wangu Ujerumani: darasani nilipokewa, dirishani nilifukuzwa

Nimesoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji katika chuo kikuu kimoja cha serikali nchini Ujerumani, katika mji ambao sitautaja, na nimeona ni haki yangu kueleza nilivyohudumiwa. Kila nikifungua simu nakuta vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura wanaulizana juu ya udahili, ada na viza, lakini ni nadra kumkuta mtu anayewaambia watakavyotendewa baada ya kufika. Mambo ya ada na tarehe za maombi sitayagusa, kwa kuwa yameandikwa kila mahali. Nitaeleza habari ya dirisha moja tu, la ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wanaotoka nje.

Sitaki nidhaniwe kwamba nina chuki na nchi ile, kwa hiyo naanza na lililo jema, nalo ni kubwa. Masomo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Mhadhara ulioandikwa saa nne asubuhi huanza saa nne na robo, na unapokwisha wanafunzi hawapigi makofi bali hugonga meza kwa vifundo vya vidole mpaka ukumbi mzima unavuma. Mwalimu aliyetufundisha usafishaji wa maji alikuwa mzee anayekaribia kustaafu. Siku nilipomwambia kwamba sehemu kubwa ya Dar es Salaam hunywa maji ya Mto Ruvu alinisikiliza tu, lakini wiki iliyofuata alikuja na ramani ya bonde la mto huo, akaitandaza mezani na kuniuliza tope la masika huwaathiri vipi wanaosafisha maji kule Ruvu Chini. Tulizungumza mpaka mlinzi akaja kufunga jengo. Nilikuwa sijawahi kuulizwa habari za kwetu kwa heshima ya namna ile, na mtu anayenijua kidogo tu. Baadaye akaniajiri kuwa msaidizi wa maabara: kuosha mchanga wa vichujio, kupima maji yana tope kiasi gani, kujaza daftari la vipimo. Zilikuwa saa chache kwa wiki na malipo ya kawaida, ila kulikuwa na mkataba halali uliotiwa saini na chuo chenyewe.

Mkataba ule ndio uliokuwa unaniweka mjini. Anayekwenda kusoma Ujerumani kwa gharama zake hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu za mwaka mzima kabla ya kupewa viza. Kiwango kilichowekwa tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, yaani zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania, zinazowekwa katika akaunti maalumu na kufunguliwa euro 992 kila mwezi. Nyumbani waliuza kiwanja na kukopa kwenye SACCOS ili zitimie. Jambo ambalo mawakala hawalitilii mkazo ni kwamba kibali cha ukaazi kinapokaribia kwisha, unaulizwa tena utaishi kwa fedha gani kipindi kinachofuata, na wakati huo nyumbani hakuna kiwanja kingine cha kuuza. Mimi nilikuwa na mkataba wa maabara, na kaka yangu alikuwa ameahidi kwa maandishi kunijazia pengo. Hivyo viwili ndivyo nilivyoambatisha kwenye maombi ya kuongezewa muda, nikayatuma mapema, kibali cha zamani kikiwa bado kina wiki nyingi, kwa njia ya mtandao kama ofisi ya uhamiaji ya jiji inavyoagiza.

Jibu la mashine lilikuja papo hapo: maombi yamepokelewa, tafadhali usiulizie maendeleo yake kwa kuwa maswali huchelewesha kazi. Baada ya hapo kikawa kimya. Kalenda ya miadi ilikuwa imejaa mwezi baada ya mwezi, na simu ilikuwa inaita mpaka inakatika. Hata hivyo sikuwa na hofu, kwa sababu nilikuwa nimeisoma sheria. Kifungu cha 81 cha Sheria ya Ukaazi ya Ujerumani kinasema wazi kwamba mtu aliyeomba kuongezewa muda kabla kibali chake hakijaisha, kibali hicho huhesabiwa kuwa kinaendelea mpaka uamuzi utolewe, naye hupaswa kupewa hati ya muda ya kuthibitisha hivyo. Hati yenyewe ndiyo ilikuwa haipatikani bila miadi. Haki nilikuwa nayo, karatasi ya kuonyesha ndiyo sikuwa nayo, na katika nchi ile mtu asiye na karatasi hana la kusema.

Kibali kilipofika mwisho, idara ya utumishi ya chuo ikaniandikia. Barua ilikuwa fupi na ya adabu: kumbukumbu zetu zinaonyesha kibali chako kimekwisha, usipowasilisha kipya au hati ya muda kabla ya mwisho wa mwezi, mkataba wako utasimamishwa. Nawaomba wasomaji waone hapo. Kibali kilikuwa kinangoja mkataba, na mkataba sasa unangoja kibali. Mkataba huo ulikuwa wa chuo, na kibali nilikuwa nakitafuta ili niendelee kusoma katika chuo hicho hicho.

Nikaenda dirishani. Ofisi ile iko ghorofa ya chini, katika jengo lile lile ambamo idara ya utumishi iko juu. Kuna kioo chenye uwazi mwembamba chini ya kupitishia nyaraka, na nyuma ya kioo alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo. Nilisalimu, nikajitambulisha, nikapitisha karatasi zangu: risiti ya maombi yenye tarehe, nakala ya kibali cha zamani, barua ya idara ya utumishi. Nilichoomba kilikuwa kidogo mno. Niliomba chuo kiandike sentensi moja kwamba mimi ni mwanafunzi wake, kwamba nimeomba kwa wakati, na kwamba kwa mujibu wa kifungu cha 81 kibali changu kinaendelea. Au kama kuandika ni vigumu, anyanyue simu awaambie wenzake wa ghorofani.

Hakuzigusa zile karatasi. Alizisoma juu juu zikiwa pale zilipoangukia, kisha akazisukuma kunirudishia kwa ncha ya kalamu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeondoa kitu kichafu mezani. Akasema hilo si jukumu la ofisi yake, niende uhamiaji. Nikamweleza kwamba uhamiaji hawajibu. Akasema basi ningoje. Nikamwambia nikingoja nitapoteza kazi, na nikipoteza kazi maombi yenyewe yatakosa msingi. Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza, akasema kwa sauti ya kusikika foleni nzima: "Ninyi mnaotoka huko hamsomi maelekezo mkifika, halafu mnakuja kulia hapa."

Nilikuwa silii. Katika jalada langu mlikuwa na maelekezo ya ofisi yake mwenyewe, niliyoyachapisha na kuyapigia mistari kwa kalamu ya rangi, kila hatua nikiwa nimeitimiza. Niliyatoa nikayaweka kwenye kioo ili ayaone. Akatazama saa, akasema muda wa huduma umekwisha, akashusha pazia. Muda ulikuwa haujaisha, maana saa ya ukutani tuliiona sote. Nyuma yangu alikuwapo kaka mmoja wa Bukavu anayesoma udaktari wa falsafa, naye akanishika bega akasema, "Dada, twende. Usiwape machozi yako hawa." Ni kweli, machozi yalikuwa yameanza kunilenga wakati huo, na yalikuwa ya hasira.

Nimewahi kupigwa danadana katika ofisi za nyumbani, na sina haja ya kuzipamba. Nimeambiwa njoo kesho mpaka kesho zikaniishia. Lakini karani wa kwetu, hata anapokuchelewesha, atakuambia kaa hapo kwenye benchi mama, mkubwa anakuja. Atakuona kuwa ni mtu mwenye shida. Sikumbuki kuambiwa dirishani kwamba shida yangu inatokana na mahali nilipozaliwa.

Mkataba ukasimamishwa kweli. Maabara wakaambiwa nisiingie kwa kazi, vipimo vya mchanga vikakatika katikati, na mimi nikawa nakula wali na maharage huku kodi ya hosteli ikichelewa na kaka yangu akikopa kwa jirani ili anitumie kitu. Aliyeniokoa hakutoka ofisi yoyote ya wageni. Serikali ya wanafunzi, ile inayochaguliwa na wanafunzi wenyewe, huwa na wakili anayetoa ushauri bure kwa siku maalumu, na gharama zake hutokana na mchango wa muhula ambao kila mmoja wetu hulipa. Kaka yule wa Bukavu ndiye aliyenipeleka. Wakili, binti ambaye nadhani nilimzidi umri, alisoma nyaraka zangu zote bila haraka, akaandika nusu ukurasa akinukuu kifungu na aya yake, akautuma kwa idara ya utumishi. Haukupita muda wakajibu kwamba wameelewa na kwamba naweza kurudi kazini. Mshahara wa kipindi nilichozuiwa sikuupata.

Nusu ukurasa! Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko hata lile neno. Ofisi ya uhamiaji ya jiji naweza kuisamehe, kwa maana inahudumia mji mzima, wakimbizi, wafanyakazi na familia, na kila mtu anajua imezidiwa. Ofisi ya chuo haina kazi nyingine duniani ila sisi. Imeanzishwa kwa ajili yetu, inakijua kifungu cha 81 kuliko nilivyokijua mimi, na ilihitaji dakika chache kufanya alichofanya wakili yule. Niliandika malalamiko, nikajibiwa kwa barua ya kunishukuru kwa maoni yangu.

Mswahili anayesoma habari hizi akumbuke kwamba jambo hili lina historia ndefu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita, akiwaandaa Wajerumani waliokuwa wanakuja kututawala. Alioa Mjerumani mwaka 1904, na walipotaka kuja kuishi Afrika Mashariki mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni iliwakatalia, wakalazimika kurejea Ujerumani, ambako alifariki mwaka 1927. Ujuzi wake darasani waliuhitaji sana, lakini mbele ya afisa mwenye muhuri ujuzi huo haukumsaidia kitu. Siwezi kujilinganisha naye kwa mateso, ila nilipokuwa nimesimama mbele ya lile pazia nilimfikiria.

Nilipokaa kuandika haya nilikusudia kuwaambia vijana waende bila kusita, kwa sababu elimu ni nzuri, maabara zina kila kifaa, na katika majimbo mengi vyuo vya serikali havitozi ada ya masomo hata kwa sisi tunaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Hayo yote bado ni kweli. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoiona ile kalamu ikisukuma karatasi zangu, na siwezi kumpendekezea mtoto wa mtu mahali ambapo mwalimu anakufungulia ramani ya mto wa kwenu na ghorofa ya chini anakaa mtu wa kukuambia hamsomi. Chuo ni kimoja. Sifa za mwalimu wanazichukua wao na kuzichapisha kwenye vipeperushi. Basi na aibu ya dirisha wasiikwepe.

Mtoto wa dada yangu, anayemaliza Mlimani mwaka huu, amepata barua mbili za udahili, moja ya chuo changu na nyingine ya chuo cha mji mwingine huko huko Ujerumani. Nilimwambia kwa ukali akikatae changu. Kisha nikamwandikia mwalimu wangu kumjulia hali, akanijibu kwamba bado yupo na kwamba vile vipimo vya mchanga amevihifadhi, kama kuna atakayependa kuviendeleza. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikampigia kijana nikamwambia asijibu kwanza, afikirie, na kwamba akiamua kwenda kwa yule mzee sitamzuia. Ila akifika, kabla ya kutafuta laini ya simu wala sufuria, aulize yule wakili wa serikali ya wanafunzi anakaa siku gani.