Vitz ya kwanza, gia za mkono, miaka mitatu ya Mbeya na Tukuyu: hesabu yangu ya wese

Nianze na namba mana ndo kitu cha kwanza mtu anauliza akinikuta sheli. Siku naichukua hii gari ilikuwa inaenda kilometa 10.8 kwa lita, sa hivi inaenda 17 na kidogo. Injini ileile, dereva yuleyule, barabara ileile ya Uyole kwenda Tukuyu. Naandika kwa sababu nimeona watu watatu mtaani kwetu wameuza Vitz zao kwa hasira wanasema hizi gari ndogo ni uongo, zinakula kama gari kubwa, na inaniuma kwelikweli mana najua gari haikuwa na kosa.

Gari ni Vitz toleo la kwanza, lile la duara lenye mita katikati ya dashibodi, yangu ya 2002. Zilitengenezwa 1999 hadi 2005, kwaiyo hata ile changa kabisa ni mtu mzima. Injini 1SZ, cc 997, silinda nne, VVT-i, inatumia cheni sio mkanda, gia tano za mkono, tenki lita 45. Ulaya iliitwa Yaris na ilichukua Gari la Mwaka la Ulaya 2000, yani haikuwa gari ya kubahatisha, walioichora walikuwa wanajua wanachotafuta: nyepesi, ndogo nje, ndani unakaa.

Mimi nanunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe, kwaiyo mara nne kwa wiki natoka Mbeya mjini, napanda Uyole mpaka Isyonje kwenye baridi na ukungu, nashuka Kiwira, Tukuyu, narudi. Mara mojamoja nateremka mpaka Kyela kufata mchele, na kila mwezi naenda Iringa kwa shangazi. Sio gari ya kwenda kanisani tu, inafanya kazi, na kila lita inatoka kwenye faida yangu.

Kabla ya chochote pima. Naomba hili mlichukue kwa uzito mana wengi wanasema "nimeweka ya elfu ishirini imeisha jana", hicho sio kipimo, bei inabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA (mamlaka ya serikali inayosimamia mafuta) wakitoa bei elekezi na elfu ishirini ya mwezi huu sio elfu ishirini ya mwezi ujao (ukitaka kujua bei ya mji wako piga *152*00# ufate maelekezo). Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, usimruhusu kijana aongeze kidogokidogo, andika kilometa. Tembea wiki nzima. Rudi sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, jaza tena mpaka ikate, chukua kilometa ulizotembea gawa kwa lita zilizoingia. Ya kwanza kabisa nilipima 268 kwa lita 24.8. Ya juzi 412 kwa lita 23.6. Mshale wa mafuta usiuamini hata siku moja.

Sasa kilichokuwa kinakula mafuta. Nilipeleka gereji mbili, moja wakabadilisha plagi, nyingine wakaosha nozeli, hela ikaenda, ikapanda toka 10.8 mpaka 11.3 ikaganda hapo. Halafu kuna mzee mmoja fundi Uyole, jirani yangu ndo alinielekeza, nikamkuta asubuhi anakunywa chai. Nikamwamkia, akaitikia akasema "mwanangu usiizime, kwanza umeiwasha saa ngapi?" Nikamwambia sasa hivi tu natokea hapo jirani. Akafungua boneti akashika hozi ya juu ya rejeta, akanishikisha na mimi, ilikuwa vuguvugu tayari. Akasema "hapa hakuna temostati, waliitoa."

Alivonieleza ni hivi, na nimeangalia mwenyewe baadae nikakuta ni kweli tupu. Temostati ni kile kifuniko kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake, nyuzi 80 na kitu. Ikiwepo, ukiwasha asubuhi hozi ya juu inabaki baridi dakika kadhaa, halafu inakuwa ya moto kwa mkupuo. Isipokuwepo maji yanazunguka tu toka mwanzo na hozi inapata joto taratibu palepale. Mafundi wengi wanaitoa gari ikichemsha mara moja, wanaona ndo dawa, na labda kule Dar dereva asijue sana mana joto la nje linasaidia. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba asubuhi unapumua moshi mdomoni, na ukishuka mteremko mrefu wa Isyonje injini haifanyi kazi yoyote, maji yanapoa, kompyuta ya gari inasoma injini ya baridi na inamwaga mafuta mengi kama vile ndo kwanza umeiwasha. Siku nzima! Yani nilikuwa naendesha gari ambayo haijawahi kuamka.

Temostati mpya ilikuwa ni kitu cha bei ndogo kuliko zile plagi, akaniwekea na kulenti (maji maalum ya rejeta) ya rangi badala ya maji ya bomba, akakagua feni inawaka yenyewe na rejeta haijaziba, mana alisema ukirudisha temostati kwenye gari iliyokuwa inachemsha bila kutafuta kwanini ilichemsha utaua gasketi. Hilo la mwisho nalisisitiza mno. Wiki iliyofata nikapima nikapata 14.6. Nilikaa kwenye gari pale sheli nikapiga hesabu mara tatu.

Nililipa ufundi wa saa moja na nusu tu. Kama una Vitz, Starlet, Duet, Passo, chochote kinachoishi nyanda za juu, kesho asubuhi kabla hujaondoka shika hiyo hozi.

Mengine yaliyobaki yalikuwa madogo ila yakajumlika. Oili, nilikuwa nawekewa 20W-50 kwa maneno kwamba injini ya zamani inataka oili nzito, nikarudi kwenye 5W-30 ambayo ndo ya hii injini, na asubuhi ya baridi unasikia mwenyewe starta inavozungusha kwa wepesi. Haili oili, nimeangalia stiki kila Jumapili. Kama yako inakula oili ongea na fundi kwanza usinifate mimi. Upepo wa matairi, kibandiko kipo kwenye fremu ya mlango wa dereva, pima tairi zikiwa baridi sio umetoka safari, na fahamu wale wa pembeni ya barabara mashine zao haziongei lugha moja, nimenunua geji yangu mwenyewe. Ea kilina nakung'uta kila baada ya wiki mbili kwa sababu ya vumbi la mashambani, nabadilisha ikichoka.

Breki nayo. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linashika. Huwezi kulijua kwa kuendesha, gari inaenda tu, ila nilitembea barabara ya tambarare bila kufunga breki sana, nikasimama nikagusa rimu zote nne, moja ilikuwa ya moto kuliko wenzake. Usifanye hicho kipimo ukitoka kushuka mlima mana zote zitakuwa za moto. Waya wa hendibreki ulikuwa umeganda kutu, ukapakwa grisi. Hapo nikafika 16 na ushee.

Iliyobaki ni mguu wangu, na hapa nitabishana na madereva wengi wa njia hii. Ukishuka Isyonje kuelekea Kiwira kuna watu wanaweka frii (gia nyutro) wanasema wanaokoa mafuta. Kwenye gari za kabureta za zamani labda kulikuwa na kahoja. Gari ya EFI (isiyo na kabureta, kompyuta ndo inaongoza nozeli) ukiwa kwenye gia umeachia mafuta kabisa, nozeli zinafunga, magurudumu ndo yanaizungusha injini, unatumia sifuri. Ukiweka frii injini lazima ijizungushe yenyewe isizime kwaiyo inakunywa. Yani unalipa mafuta ili ujiondolee breki ya injini kwenye mteremko mkali wenye malori. Mimi nashuka gia ya tatu, mahali pakali ya pili, breki nagusa tu, pedi zangu zina miaka miwili. Nimeona gari imepinduka pale kwenye kona, dereva alikuwa frii na breki zimechemka, tuliwatoa watu kwa mikono. Tafadhali sana.

Kupanda sasa. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini yoyote isiyo na taabo (turbo) inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda mita 300, kwaiyo kale kafarasi 70 ka Vitz huku kwetu kamebaki hamsini na kitu na Isyonje kamepungua zaidi. Usishindane. Kosa nililokuwa nafanya ni kung'ang'ania gia ya nne mpaka gari inatetemeka ndo nashusha, au kinyume chake nakanyaga mpaka chini gia ya pili injini inalia. Sasa hivi naingia mlimani na mwendo wangu, gia ya tatu, mguu kama robo tatu hivi, nakubali kwenda 50 nyuma ya lori mpaka pawe peupe. Ukishuka Kyela kule joto na bondeni utashangaa gari imekuwa kijana, inavuta kama sio ile, ndo hewa hiyo.

Asubuhi usiache gari inaunguruma robo saa eti ipate moto. Washa, funga mkanda, nusu dakika, ondoka taratibu bila kukanyaga mpaka ipate joto. Nilikuwa naiacha nikimalizia kunywa chai, ukihesabu mwaka ni tenki zima zimeenda hewani.

Safari ya Iringa ndo raha yake, kama kilometa 330. Nimeenda 80 mpaka 85 nikapata 19.2, nikarudi siku moja nina haraka 110 palipo wazi nikapata 14.1, gari moja, mtu mmoja, mzigo uleule. Upepo unakusukuma nyuma na unaongezeka vibaya ukipita 90, na hii gari kwa mbele imesimama wima kidogo. Tambarare ya Igurusi na Chimala iko vizuri sana unaweka gia ya tano unatulia, ukifika Makambako kama upepo unakuja usoni utaona tu mafuta yanaondoka, hapo punguza. Na zile sehemu za 50 za vijijini ukizifata kwa utaratibu, unaachia mguu mapema unapoona kibao badala ya kukanyaga breki kwenye tochi ya trafiki, zinakusaidia.

Mjini ndo inanishinda. Tangu waanze kupanua ile barabara njia nne, foleni ya Mafiati na Mwanjelwa kuna siku inanirudisha 13. Hakuna ufundi hapo, napanga safari zangu kabla ya saa moja asubuhi.

Mabaya yake nayasema bila kuficha. Iko chini, masika barabara za mashambani Rungwe lile tope jekundu limeshanikalisha mara mbili na nimesukumwa na wakulima wangu, ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa) kwao. Kuovateki lori refu la Zambia kwenye mlima usijaribu na abiria wanne, hainaga nguvu hiyo. Buti ni dogo, kreti nne za sampuli za parachichi imejaa, na nikilaza siti nikabeba kilo 250 inashuka mpaka 15. Nilitoa keria ya juu aliyoacha mwenye gari wa kwanza, ilikuwa inapiga mluzi na haibebi chochote. Sauti ndani ni kubwa kwenye lami ya kokoto. Spea lakini zipo kila duka na fundi yeyote anaijua, hilo ni jambo kubwa kwa gari ya umri huu.

Ya otomatiki ninayo mifano miwili ya ndugu zangu, ni toleo hilohilo, wanapata 13 mpaka 14 njia hiihii wakiendesha kwa adabu. Kwa milima yetu ningechukua ya mkono bila kufikiria mara mbili, hasa kwa kushuka.

Ukienda kununua nenda asubuhi na mapema, mwambie muuzaji kabisa asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti kwanza, ikiwa ya moto rudi kesho. Ikiwa baridi ifungue, iwashwe, weka mkono kwenye ile hozi ya juu na usubiri nayo hapo.