Noah ya kukodi, Moshi hadi Pangani: siku nne na pancha moja

Nimekodi Noah hapa Moshi kwa siku nne: laki na ishirini kwa siku, mafuta juu yangu, dhamana laki mbili. Tulikuwa sita: mimi, mama watoto, watoto watatu na bibi yao wa Kibosho, ambaye alikuwa hajawahi kuiona bahari. Basi lingetuchukua kwa chini ya nusu ya hela hiyo, sikatai. Ila basi halisimami ukitamani chungwa.

Injini haikuwa na neno, siti safi, na mafuta ilikunywa kwa adabu. AC ilikata pumzi tulipofika Same, tukashusha vioo, na joto la Same mnalijua wenyewe.

Kasheshe ilikuwa mbele ya Hedaru. Tairi la nyuma kushoto likashuka. Nafungua buti: spea ipo na ina upepo, spana ipo, jeki hakuna. Kipo kishikio chake tu, kimefungwa vizuri kwenye kitambaa kama zawadi. Nikampigia kijana aliyenikabidhi gari. "Kaka, cheki chini ya siti ya dereva." Nikacheki siti zote, nikaambulia kandambili moja ya mguu wa kulia.

Aliyetuokoa ni dereva wa Fuso iliyobeba saruji kutoka Tanga. Alisimama bila hata kupungiwa, akatoa jeki yake na kulala chini mwenyewe. Hela alikataa katakata. Ndizi za kukaanga za bibi hakuzikataa.

Mombo tulinunua mapeasi ya Lushoto, Segera tukakata kushoto, Muheza tukajaza machungwa mpaka miguuni kwa watoto. Katikati hapo nilipigwa tochi kwenye kibao cha 50, faini 30,000. Hiyo ni yangu, siwezi kuwasingizia wenye gari.

Tanga tulilala usiku mmoja. Asubuhi mkate wa kumimina, mihogo ya nazi, kahawa chungu na kashata, tukaondoka kuelekea Pangani, kama kilomita 50 kusini. Hapa ndipo gari ya kukodi inapolipa. Tulisimama Tongoni kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya Waswahili, watoto wakahesabu makaburi mpaka wakagombana. Halafu ni minazi, mkonge, bahari inachungulia kidogo, inajificha, inachungulia tena. Kila bahari ilipotokea, bibi aliniambia nipunguze mwendo. Kwa basi angeomba nani?

Pangani tulikaa kwenye mgahawa wa makuti karibu na mto. Tuliagiza changu wa kupaka, wali wa nazi, maharage na madafu. Bibi akaonja maharage, akaweka kijiko chini. "Baba Glory, hawa watu nazi wanaitia kwenye kila kitu?" Nikamwambia ndiyo, mama, ndio upishi wao. Akatikisa kichwa, na sahani ikaisha. Yule changu alikuwa amechomwa kwanza ndipo akapakwa tui zito lenye ndimu na pilipili, ngozi imeshika moshi, nyama inaachia mwiba yenyewe. Mwanangu wa mwisho, ambaye nyumbani samaki hagusi, alilamba vidole.

Jioni tulishuka karibu na kivuko cha kwenda Bweni. Nikawaeleza watoto kwamba mto huu unaanzia kwetu: maji ya Kilimanjaro na Meru yanakutana Nyumba ya Mungu, ndipo yanateremka hadi hapa. Bibi akainama, akachovya kidole, akalamba. Bahari ilikuwa imejaa na kupanda mtoni.

"Kibosho yanatoka matamu," akasema, "wakaja kuyaharibia huku."

Kurudi hatukusumbuliwa na chochote isipokuwa joto. Wakati wa kukabidhi gari walitaka kukata 15,000 ya kuziba pancha kwenye dhamana yangu. Nikauliza jeki iko wapi. Wakatazamana, na laki mbili yangu ikatoka yote.

Gari naipa nne kati ya tano, wenye gari mbili. Nitakodi tena kwao kwa sababu bei yao inaongeleka, ila buti lifunguliwe mbele yangu kabla sijatoa hata shilingi. Jeki, nimekuja kuambiwa, ilikuwa kwenye Noah yao nyingine. Iko Karatu.