Bustani ya mtaa wetu, Kinondoni: nyota tatu

Mbili kati ya hizo ni za mzee anayemwagilia.

Fika saa kumi na mbili asubuhi utaipenda. Kiingilio hakuna, wastaafu wanazunguka taratibu, mama lishe wa getini ameshabandika chai, na mzee yuko na ndoo zake kabla jua halijawa kali. Mwangalie anavyofanya: kila mche kauzungushia tuta dogo la udongo, ndani kamwaga majani makavu, maji yanaishia pale pale kwenye mizizi. Januari jua lilipotupiga, miche yake haikufa. Miarobaini ya mwanzo sasa ina kivuli cha kukaa mtu na wageni wake.

Choo shilingi 300, kisafi, sabuni uje nayo. Bembea mbili, moja mnyororo umeungwa kwa waya, ikague kwanza.

Kinachoniudhi ni Jumamosi. Bustani inakodishwa kwa sherehe. Sina ugomvi na sherehe, pilau nakula vizuri tu. Ila vyuma vya turubai vinachimbiwa kwenye ukoka tangu Ijumaa, gari la muziki linapanda hadi katikati, na watoto wanafukuzwa, eti warudi kesho. Pale gari linapopita udongo umeshindiliwa mno. Masika maji yanatuama, hayaendi chini, na ukoka ukipandwa haushiki. Ule upara wa katikati mnaoulalamikia, chanzo chake ndicho hicho, siyo mbuzi wa watu.

Hela zinakwenda wapi? Kamati inasema matengenezo. Haya, bandikeni kwenye ubao: zimeingia ngapi, zimenunua nini. Kodi ya turubai moja haishindwi na mnyororo wa bembea.

Sasa kuna maneno ya fremu za maduka upande wa barabarani. Hapo nasema hapana mapema. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 ipo, eneo la wazi halibadilishwi matumizi kwa maongezi ya kijiweni. Nendeni mkaione Bustani ya Botaniki kule mjini, jirani na Makumbusho ya Taifa. Wajerumani waliianzisha 1893 kujaribia mazao, ilikuwa kubwa. Imemegwa mpaka ukitembea polepole unaimaliza upesi. Hii yetu ikimegwa fremu nne tu, bembea itahamia wapi?

Wenye watoto njooni Jumapili jioni, turubai likishang'olewa. Wavisheni viatu, misumari huwa inabaki kwenye nyasi.